Kubadili Matairi ya Ranifleti: Raha na Usalama Vinunuliwe Pamoja

Katika soko letu la magari yaliyotumika yamo magari madogo yenye injini ya nguvu na mwendo wa kispoti, yanayoletwa hasa kutoka Japani na Uingereza. Mnunuzi hulipenda gari la namna hii kwa umbo lake na wepesi wake. Baada ya wiki chache za barabara zetu, hata hivyo, huanza kulalamika: kila tuta humfika kiunoni, kila shimo hugonga kama nyundo, na waliokaa nyuma humwomba apunguze mwendo. Wengi hukimbilia kubadili shokapu, hulipa fedha nyingi, na mtikisiko hubaki palepale. Mara nyingi kisababishi kiko chini zaidi, kwenye matairi.

Somo hili linamsaidia mtumiaji kujibu swali moja: je, ayaondoe matairi ya ranifleti na kuweka ya kawaida? Jibu letu ni kwamba anaweza, na katika magari mengi atapata nafuu anayoitafuta. Lakini anapoyaondoa, anaondoa pia tairi la akiba ambalo hakujua kwamba analo. Nafuu hiyo isinunuliwe bila kununua kile kitakachoziba pengo hilo.

Ranifleti ni tairi la namna gani

Tairi la kawaida hubebwa na upepo. Upepo ukiisha, tairi hulala na rimu hugusa barabara. Ranifleti ni tairi ambalo kuta zake za ubavuni zimeimarishwa kwa mpira mgumu, kiasi kwamba upepo ukiisha kuta hizo hubeba uzito wa gari kwa muda. Kwa kawaida watengenezaji huruhusu mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na umbali wa kilomita 80 hivi. Kitabu cha gari ndicho kinachotaja kikomo halisi.

Kwa sababu ya uwezo huo, magari mengi yaliyotoka kiwandani na ranifleti hayana tairi la akiba. Mengine hayana jeki wala spana ya magurudumu, na hayana hata nafasi ya kuviweka.

Utalitambua tairi hili kwa herufi zilizochapwa ubavuni. Kila kampuni ina alama yake. Miongoni mwa zinazoonekana sana ni RFT, ROF, SSR, ZP na RSC.

Ugumu unaolibeba gari upepo unapoisha ndio huohuo unaokugonga upepo ukiwamo. Ukuta wa tairi la kawaida hujikunja kidogo na kulainisha pigo la shimo, ilhali ukuta wa ranifleti hulipeleka pigo hilo kwenye rimu, kwenye springi, na hatimaye kwenye kiti chako. Tairi lenyewe pia huwa zito zaidi kuliko la kawaida la kipimo kilekile.

Anza na kisichogharimu

Kabla ya kununua chochote, tunashauri ukaguzi wa hatua tatu.

Kwanza, pima upepo asubuhi, kabla gari halijatembea. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo pembeni mwa mlango wa dereva. Katika magari ya Japani huandikwa kwa kPa, na mafundi wetu wengi hutumia psi. kPa 220 ni sawa na psi 32 hivi. Upepo uliozidi hufanya gari lolote kuwa gumu, na kuupunguza hadi kiwango kilichoandikwa hakugharimu kitu. Usiushushe chini ya kiwango hicho kwa kutafuta ulaini, kwani tairi lenye upepo pungufu hupata joto na linaweza kupasuka. Kumbuka pia kwamba ranifleti halionyeshi kwa macho kuwa limeishiwa upepo, hivyo kulitazama tu hakutoshi.

Pili, soma umri wa tairi. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukakamaa kwa umri. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5, na liondolewe likifikisha miaka 10 hata kama kashata zake bado zimesimama.

Tatu, mwombe fundi akague shokapu, bushi na rimu. Rimu iliyopinda au bushi iliyokwisha haitaponywa na tairi jipya.

Ikiwa upepo ni sahihi, gari ni zima, na bado mtikisiko ni mkali, hapo ndipo pa kufikiria kubadili aina ya tairi.

Kusoma kipimo kabla ya kununua

Tuchukue kipimo cha 205/45 R17 84V. Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 45 ni asilimia: kimo cha ukuta ni asilimia 45 ya upana, yaani milimita 92 hivi. R17 inaonyesha rimu ya inchi 17. Namba 84 inaonyesha uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 500. Herufi V ni kikomo cha mwendo, kilomita 240 kwa saa. Tairi jipya lisiwe na namba ya uzito wala herufi ya mwendo iliyo chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji wa gari.

Ipo njia nyingine ya kuongeza ulaini, nayo ni kushuka kwenye rimu ndogo yenye tairi la ukuta mrefu. Tairi la 195/55 R16 lina ukuta wa milimita 107 hivi, yaani milimita 15 zaidi. Kimo cha gurudumu zima hakibadiliki sana: milimita 621 badala ya 616, tofauti isiyofika asilimia moja, hivyo kipimamwendo hakitapotoka kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, fanya hivyo ikiwa tu kipimo hicho kimo katika orodha ya mtengenezaji kwa gari lako, na rimu isiguse breki.

Badili matairi yote manne kwa pamoja. Ranifleti na tairi la kawaida hujikunja tofauti. Ukiyachanganya, gari linaweza kuyumba kwenye kona au wakati wa breki ya ghafla. Usishawishike kununua ranifleti lililotumika ili kukamilisha seti. Tairi lililowahi kuendeshwa bila upepo linaweza kuwa limeharibika ndani huku nje likionekana zima.

Unachokipoteza, na namna ya kukirudisha

Tuchukue mfano. Mtumiaji ameweka matairi mapya ya kawaida, gari limekuwa laini, naye anasafiri na watoto usiku kutoka Morogoro kwenda Dodoma, safari ya takribani kilomita 260. Amepita Gairo, tairi linachanwa na chuma barabarani. Anafungua buti: hamna tairi la akiba, hamna jeki. Duka alikonunua matairi halikumwuliza swali lolote, naye hakujua kwamba lipo swali la kuuliza. Sasa familia inasubiri msaada gizani, pembeni mwa barabara ya malori.

Angekuwa na ranifleti, angeweza kuendelea taratibu hadi mahali penye watu na taa. Pengine asingefika Dodoma, kwani ranifleti nalo lina kikomo, na si kila fundi wa pancha ana mashine ya kulitoa kwenye rimu. Lakini angeweza kuondoka penye hatari. Uwezo huo ndio unaouacha dukani unapobadili matairi. Tahadhari kabla ya hatari: urudishe kwa mojawapo ya njia hizi.

Njia iliyo bora ni tairi la akiba linalolingana na matundu ya nati na linaloipita breki bila kugusa. Linaweza kuwa jembamba, la muda, ambalo kwa kawaida huruhusiwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Lifungwe imara ndani ya buti. Tairi lililoachwa huru huweza kuwarukia abiria katika ajali.

Njia ya pili ni dawa ya kuziba pancha pamoja na pampu inayotumia umeme wa gari. Hufaa kwa tundu dogo la msumari kwenye kashata. Haizibi tairi lililochanika ubavuni, na ina tarehe ya kwisha muda. Anayekaa mjini inaweza kumtosha, lakini asafiriye mbali asiitegemee peke yake.

Kwa vyovyote vile, uwe na jeki inayofaa gari lako, spana ya nati, na pembetatu za tahadhari. Kagua pia kama magurudumu yana nati za kufuli. Magari mengi yaliyotumika hufika bila ufunguo wa nati hizo, na mwenye gari huligundua hilo siku ya pancha.

Siku ya kufunga

Dai valvu mpya, magurudumu yabalansiwe, na alaimenti ipimwe. Mfumo wa kuonya kuhusu upepo usizimwe. Magari mengine yana vihisi ndani ya magurudumu, na fundi avitoe kwa uangalifu na kuvirudisha. Mengine hulinganisha mzunguko wa magurudumu, nayo yanahitaji kuwekwa upya baada ya tairi kubadilishwa. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Katika siku za mwanzo endesha kwa utulivu, kwa kuwa usukani utaitika tofauti na ulivyozoea.

Dai risiti ya EFD inayotaja aina ya tairi, kipimo, idadi na bei, na uandike pembeni tarakimu nne za umri wa kila tairi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Ukiuziwa tairi kuukuu kwa jina la jipya, rudi dukani kwanza ukiwa na risiti na picha. Usiposikilizwa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Na ikiwa shaka ni juu ya ubora wa tairi lenyewe, Shirika la Viwango Tanzania.

Kabla ya kulipa, jiulize

Je, nimepima upepo asubuhi na kuulinganisha na kibandiko cha mlangoni?

Je, fundi amethibitisha kwamba shokapu, bushi na rimu ni nzima?

Je, namba ya uzito na herufi ya mwendo hazipungui zile za mtengenezaji?

Je, nanunua matairi manne ya aina moja, na nimesoma umri wa kila moja?

Je, tairi likichanika usiku huu, mbali na mji, nitaondokaje hapo?

Ukikosa jibu la swali la mwisho, usilipe bado. Ongeza bei ya tairi la akiba na jeki kwenye hesabu yako, kwani hiyo ndiyo bei kamili ya ulaini unaoutafuta.