Ramani ya Vipimo Vitatu na Floraidi katika Maji ya Mlima Meru

Wapo watoto katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru ambao hucheka huku wakiziba mdomo kwa kiganja. Meno yao yana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, kwa kuwa jino liliathirika kabla halijaota. Chanzo ni floraidi iliyozidi katika maji ya kunywa. Mifupa nayo haisalimiki: floraidi ikiwa nyingi mno kwa muda mrefu, viungo hukakamaa, na baadhi ya watoto hupata matege.

Meru ni volkano. Maji yanayopenya katika miamba na majivu yake huyeyusha floraidi iliyomo. Mara nyingi, ingawa si kila mahali, chemchemi za miteremko ya juu huwa na floraidi kidogo kuliko visima vya tambarare. Upande wa mashariki, ambako ubavu wa mlima uliporomoka zamani na kuacha kifusi kuelekea maziwa ya Momella, kiwango huwa kikubwa hasa. Hivyo, mhudumu wa afya hana budi kuuliza: maji haya yametoka wapi?

Ramani ya vipimo vitatu husaidia kulijibu swali hilo. Februari 2000, chombo cha angani Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima mwinuko wa ardhi kwa rada. Data zake huigawa ardhi katika miraba ya takriban mita 30 kila upande, kila mraba ukiwa na kimo chake. Picha za satelaiti za Sentinel-2 huonyesha misitu, mashamba na makazi. Programu ya bure kama QGIS huitandaza picha juu ya data hizo, kama shuka juu ya mtu aliyelala, na umbo la mlima likaonekana: kutoka mita 1,400 hivi za jiji la Arusha hadi zaidi ya mita 4,500 kileleni. Programu hiyo pia hukokotoa mwelekeo wa mteremko na mipaka ya mabonde ya mito.

Faida yake ni hii: vyanzo viwili vinavyokaribiana kwenye ramani bapa vinaweza kuwa pande mbili za kigongo kimoja, kila kimoja kikilishwa na bonde lake. Majibu ya kipimo cha chanzo kimoja, basi, yasichukuliwe kuwa ya jirani yake. Hata hivyo, satelaiti haioni floraidi, na maji ya chini ya ardhi huweza kufuata njia nyingine. Ramani huonyesha mahali pa kuchota sampuli. Maabara ndiyo hutoa hukumu. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita.

Mgonjwa naye ana la kufanya. Ataje kituoni chanzo cha maji anayokunywa, si jina la kijiji pekee. Asitegemee kuchemsha: kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Mkaa wa mifupa ulioandaliwa kitaalamu huipunguza. Magadi ya kupikia nayo yaweza kuiongeza. Maji yenye floraidi kidogo yakiwa machache, watoto walio chini ya miaka 8 wapewe kwanza, kwani meno yao ya kudumu bado yanajengeka.