Rimu za Alumini kwa Pikapu za Tairi Pacha

Pikapu za tairi mbili mbele na nne nyuma, ambazo Chevrolet ilianza kuzitoa kiwandani mwaka 1973, leo zimejaa katika barabara za Marekani zikivuta matela ya farasi, ya magari na ya mashine za shamba. Fundi wetu, aliyezifungua na kuzifunga miaka mingi, anajibu maswali ya wenye nazo.

Bwana fundi, alumini ina faida ya haki, au ni mng'aro tu?

Sitakuficha, ndugu yangu: aghalabu ya wanaonijia hutaka mng'aro, wala sioni aibu katika hilo, kwani mtu anayelala na kuamka ndani ya gari lake ana haki ya kupenda liwake jua linapolipiga. Ila alumini iliyofuliwa, yaani iliyoshindiliwa kwa mashine ikapata umbo, wala si ile iliyomiminwa katika kalibu, ni nyepesi kuliko chuma na ina nguvu maridhawa. Kampuni ya Alcoa ilianza kufua rimu za namna hiyo kwa ajili ya malori mwaka 1948. Lakini ukitarajia wepesi huo ukupunguzie gharama ya mafuta, utangoja sana.

Nimepata rimu zenye matundu manane, na habu yangu ina bolti nane. Si zitaingia?

Yamkini zisiingie, na heri zisiingie kabisa kuliko kuingia kwa kulazimishwa. Manane ni idadi tu. Linalotazamwa ni kipenyo cha duara lipitalo katikati ya bolti. Ford F-350 ya tairi pacha ina milimita 200 tangu 2005, ilhali za 1999 hadi 2004 zilikuwa na 170. Chevrolet na GMC za 3500 zina 210 tangu 2011, na kabla yake 165.1, Ram 3500 nayo ilidumu na 165.1 hata 2018, kisha mwaka 2019 ikahamia 200. Pima pia tundu la kati, kwa maana kitovu cha habu ndicho kinachoikalisha rimu mahali pake.

Je, nati na bolti za zamani zatosha?

Hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Sahani ya alumini ni nene kuliko ya chuma, na nyuma bolti moja hupita katika sahani mbili. Basi ukiweka alumini ndani na nje, huenda nati ikashika nyuzi tatu nne tu, ukaiona imekaza kumbe inaning'inia. Bolti ya milimita 14 yataka nyuzi zishikwe kwa kina kisichopungua milimita 14. Viwanda vyenyewe aghalabu huiacha rimu ya ndani ikiwa ya chuma, maana haionekani, na alumini ikawekwa nje na mbele.

Tena fahamu kwamba gurudumu halishikwi na bolti kama koti linavyoning'inia msumarini, bali hushikwa na msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa pamoja, na kazi ya bolti ni kubana. Chochote kilicho baina ya nyuso hizo, kama kutu, tope, grisi au rangi, hula ule mbano. Mimi mwenyewe, katika ujana wangu wa ufundi, niliwahi kuzipaka rimu za chuma rangi nzito ya kupendeza, nikazifunga jioni ile ile, nikakaza kwa kipimo sawasawa; siku chache baadaye mwenye gari alirudi akilalamika mtikisiko, na nilipoweka mkono, nati mbili zilizunguka kwa vidole. Rangi ilikuwa imekandamizwa ikakonda, na mbano ukaondoka nayo.

Naishi Minnesota, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi.

Basi chuma na alumini zikigusana katika maji ya chumvi huwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa, hata rimu zikagandana zisitoke ila kwa nyundo. Weka baina yao kipande chembamba cha nailoni kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kimoja tu, wala usikate chako kutoka katika ndoo.

Na tairi zenyewe?

Ziwe za kimo kimoja. Tofauti ya vipenyo isizidi robo ya inchi, ama sivyo iliyo kubwa itabeba mzigo wa mwenzake. Baina ya mbili iwepo nafasi hata gari likiwa limeshiba mzigo, kwani tairi hutuna chini, na zikisuguana huzaa moto. Valvu ya ndani ielekee tundu la rimu ya nje, mkabala na valvu ya nje, usije ukahitaji kufungua gurudumu zima ili kujaza upepo.

Nikaze kwa nguvu gani?

Kwa spana ya kipimo, kwa mtindo wa nyota, si kwa kukanyagia bomba. Ford husema futi-pauni 165, Chevrolet 140. La gari lako liko kitabuni. Kisha nenda kilomita 80 hata 160, usimame penye kituo cha mafuta, rimu zipoe, ukaze tena nati zote, za mbele nazo.