Sanamu za filamu: Hatari imo katika vipande vidogo

WATU wazima wanaokusanya sanamu za plastiki za wahusika wa filamu za angani huzithamini zaidi zikiwa kamili: bastola, upanga, kofia na joho. Kikikosekana kimoja, bei hushuka. Lakini vipande hivyo ndivyo vinavyoweza kumuua mtoto anayeishi katika nyumba hiyo.

Uraibu huu ulishika kasi baada ya filamu ya Star Wars kuonyeshwa Marekani mwaka wa 1977. Kampuni ya Kenner ilianza kutoa sanamu zake mwaka wa 1978. Nyingi zilikuwa na urefu wa karibu sentimita 9.5, na silaha zao zilikuwa ndogo mno.

Mwishoni mwa mwaka huo wa 1978, mvulana mmoja katika jimbo la Georgia, Marekani, alifariki baada ya kusakamwa na kombora dogo la plastiki. Lilitoka kwenye chombo cha kuchezea cha Battlestar Galactica kilichotengenezwa na kampuni ya Mattel. Wakati huo Kenner ilikuwa imetangaza sanamu ya Boba Fett yenye roketi ya kufyatuka. Sanamu zilizowafikia wateja mwaka wa 1979 zilikuwa na roketi iliyogandishwa isiweze kutoka.

Kwa nini watoto?

Mtoto mdogo hujifunza mambo kwa kutia vitu mdomoni. Njia yake ya hewa ni nyembamba, na kikohozi chake hakina nguvu ya kutosha kutoa kitu kilichokwama. Hewa ikizibwa kabisa, ubongo huanza kudhurika katika muda wa dakika chache.

Tangu Januari 1, 1980, kanuni za Marekani zinataka vitu vya watoto wa chini ya miaka 3 vipimwe kwa kopo lenye upana wa milimita 31.7. Kipande kikiingia chote, kifaa hicho hakifai kuuzwa. Nyumbani unaweza kutumia bomba la karatasi linalobaki shashi ya chooni inapokwisha. Bomba hilo ni pana kidogo kuliko kopo hilo, kwa hivyo kinachopita humo kiweke mbali na mtoto.

Usidanganyike na jina 'sanamu'. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, bidhaa iliyoandikwa kuwa ni ya wakusanyaji wa miaka 14 na zaidi haihesabiwi kuwa kitu cha kuchezea. Kwa hivyo haibanwi na masharti ya usalama wa vitu vya watoto.

Mambo ya kufanya

1. Weka sanamu katika kabati la kufungwa, juu kuliko mtoto anavyoweza kufika.

2. Hesabu silaha na vipande vingine kabla na baada ya kuvipanga. Kimoja kikipotea, fagia chumba mara moja.

3. Sanamu zinazowaka taa au kutoa sauti huenda zina betri bapa kama kitufe. Mtoto akiimeza na ikwame kooni, inaweza kumchoma vibaya ndani ya saa 2. Mkimbize hospitalini hata kama halii.

Mtoto akisakamwa

Akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache aendelee kukohoa huku ukimwangalia. Asipoweza kukohoa, kulia wala kusema, mwinamishe mbele umpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Kitu kisipotoka na mtoto ametimiza mwaka 1, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, ivute ndani na juu mara 5. Rudia hatua hizo mbili kwa zamu.

Mtoto wa chini ya mwaka 1 asibonyezwe tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze umbonyeze katikati ya kifua kwa sehemu ya chini ya kiganja cha mkono mmoja mara 5.

Usitie kidole kooni ikiwa hukioni kitu chenyewe, kwani unaweza kukisukuma ndani zaidi. Akizimia, anza kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi huku mwenzako akiita msaada.

Hata kitu kikitoka, mpeleke kwa daktari akaguliwe. Tena, wafundishe hatua hizi wote wanaobaki na mtoto nyumbani, yaya akiwemo.