Kwa Nini Mrusi Hacheki Njiani?

Somo juu ya desturi za watu wa Urusi



Katika jiografia tunajifunza mito, milima na miji mikubwa ya inchi za mbali. Ni vizuri. Lakini mtu anaweza kujua kwamba mto Volga una urefu wa kilometa 3 530, na asijue namna ya kuingia katika nyumba ya mtu anayekaa kando ya mto ule. Siku hizi vijana wengi wa Tshopo wanauliza habari za Urusi ju ya bursi za masomo. Wengine wanasema: «Warusi ni watu wakali, hawasalimii.» Wengine wanasema: «Kule kila kitu ni bure.» Tunaona kwamba wote wawili wanasema bila kujifunza. Basi, katika somo la leo tutatazama maisha ya kila siku ya watu wale, na tutauliza kila mara: sababu yake ni nini? Maana desturi ya mgeni, kama vile desturi yetu, ina mzizi wake.

1. URUSI NA SISI

Urusi ni inchi kubwa kupita zote duniani. Ina kilometa za mraba karibu milioni 17, maana yake inchi yetu ya Kongo ingeingia ndani yake mara saba. Gari la moshi la kutoka Moscow mpaka Vladivostok linakwenda kilometa zaidi ya 9 000, na msafiri analala ndani yake siku sita au saba. Sisi tuliozoea kungojea baleinyeri tunaweza kufahamu safari kama ile: watu wanakula pamoja, wanakunywa chai, wanaelezana habari za jamaa zao.

Kuna jina moja linalounganisha Kisangani na Moscow. Patrice Lumumba alifanya kazi ya posta hapa Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati ule. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Mwezi uliofuata, chuo kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa Moscow katika mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kilipewa jina lake. Jina hilo liliondolewa katika mwaka 1992, likarudishwa katika mwaka 2023. Basi, vijana wa Kongo wamekaa na Warusi zaidi ya miaka 60. Tunayoyaandika hapa si hadithi za mwezini.

2. HERUFI NA MAJINA

Mwanafunzi mgeni haanzi na uganga au ufundi. Kwa desturi anajifunza kwanza lugha ya Kirusi, mwaka mzima. Lugha ile ina herufi 33. Nyingine zinafanana na zetu, lakini zinadanganya macho: P inasomwa R, H inasomwa N, C inasomwa S, B inasomwa V. Mgeni mwenye njaa anaona juu ya mlango neno PECTOPAH, anapita zake. Kumbe imeandikwa «restorani»!

Majina nayo yana utaratibu. Kila Mrusi ana majina matatu: jina lake, jina la baba, na jina la ukoo. Kama baba anaitwa Ivan, mtoto mwanamume ataitwa Ivanovich, na binti ataitwa Ivanovna. Mwanafunzi hamwiti mwalimu wake «Bwana» au «Mama» peke yake. Anamwita kwa jina lake pamoja na la baba: Anna Ivanovna, Sergei Petrovich. Kuliacha jina la baba mbele ya mkubwa ni kukosa adabu.

Je, jambo hilo ni geni kwetu? Hapana. Wazee wetu Walokele, walipomwita mtu kwa ngoma ya mti, walipiga jina lake na kuongeza jina la baba yake, kusudi asikosee mwingine. Mmisionari John Carrington, aliyekaa muda mrefu huku kwetu, aliandika kitabu juu ya ngoma hizo katika mwaka 1949. Ni kusema, mtoto wa Yanonge anaweza kufahamu jina la Mrusi upesi kuliko Mzungu mwingine!

Tena Kirusi kina «wewe» ya namna mbili, kama tu na vous katika Kifaransa. Ya kwanza ni ya rafiki na ndugu, ya pili ni ya mkubwa na ya mtu usiyemjua. Mgeni angoje mpaka mkubwa mwenyewe amruhusu kutumia ile ya kirafiki.

3. USO WA NJIANI NA USO WA NYUMBANI

Hapa ndipo wageni wengi wanajikwaa. Kwetu, mukipita mbele ya mama anayetwanga sombe bila kumsalimia, atasema muko na kiburi, au muna neno naye. Mjini Moscow watu wanapita maelfu kwa maelfu, katika metro wanasimama bega kwa bega, na hakuna anayesema jambo. Ukimchekea mtu usiyemjua, atajiuliza: «Huyu ananicheka nini?» Kwao kicheko ni cha mtu unayemjua au cha neno la kufurahisha. Kucheka bila sababu kunaonekana kama upumbavu, au kama uongo. Basi uso mkavu wa njiani si chuki.

Lakini mukikaribishwa nyumbani, mutaona mtu mwingine. Meza inajazwa. Mama wa nyumba anasema «kula, kula», na ukiacha sahani nusu anasikitika, sawasawa na mama zetu. Shikeni mambo haya:

a) Mlangoni munavua viatu. Mwenye nyumba atawapa sandali laini za ndani. Sababu ni matope na theluji ya njiani.

b) Musimpe mtu mkono juu ya kizingiti. Ingieni kwanza, au yeye atoke. Wanaamini inaleta bahati mbaya.

c) Musiende mikono mitupu. Chai, keki au maua yanatosha. Lakini hesabuni maua: matatu, matano au saba. Mawili, manne au sita ni ya kaburini.

d) Mwanamume anavua kofia ndani ya nyumba, na anavua glavu kabla ya kutoa mkono.

Mgeni mkubwa wanaweza kumpokea kwa mkate na chumvi. Anamega kidogo, anachovya katika chumvi, anakula. Kwetu tungemletea kuku.

4. BARIDI NA CHAKULA

Mambo mengi ya Urusi yanaelezwa na neno moja: baridi. Sisi tunavaa swita asubuhi ya mvua tukisema tunakufa. Mjini Moscow, mwezi wa kwanza, siku nyingi maji yanaganda usiku na mchana. Katika mji wa Yakutsk, baridi ya mwezi ule inafika karibu digrii 40 chini ya sifuri. Mito inakuwa migumu kama barabara. Mvuvi anatembea juu ya mto, anatoboa barafu, anakaa juu ya kiti kidogo na kushusha ndoano katika tundu. Watoto wa wavuvi wanaosoma hapa watasema ni uongo, lakini ni kweli.

Kwa hiyo Mrusi alijifunza kuweka akiba. Miezi ya joto ni michache, na udongo ukiganda hakuna jembe linaloingia. Ndiyo maana watu wengi wa mjini wana kishamba na kijumba inje ya mji, wanaita dacha. Siku ya juma inapokwisha, daktari na mwalimu wanakwenda kule kulima viazi vya Ulaya, matango na vitunguu. Kisha wanatia matango na majani ya shu katika chumvi, ndani ya chupa kubwa, kusudi wale mpaka baridi iishe. Je, sisi hatukaushi samaki kwa moshi kusudi afike Kisangani mzima? Akili ni ile ile.

Chakula chao cha kila siku ni mkate mweusi wa nafaka inayoitwa rai, supu ya shu (wanaita shchi), supu nyekundu ya betrave (borshch), na uji mzito wa nafaka (kasha). Shikwange, makemba na pilipili hakuna kwa urahisi, na mwanafunzi wetu ataota sombe usiku. Chai inakunywewa saa zote. Pombe kali ya vodka inafanana kwa nguvu na lotoko yetu, na imevunja nyumba nyingi kule kama lotoko inavyovunja hapa. Asiyekunywa aseme kwa upole na bila haya kwamba hanywi.

5. SHULE YAO

Masomo yanaanza tarehe 1 Septemba, na watoto wadogo wanamletea mwalimu maua. Hawahesabu pointi kwa mia kama sisi. Pointi nzuri kabisa ni 5, na mwenye 2 ameanguka. Basi, ukisikia mwanafunzi anafurahi ju ya 4, usimcheke!

Mitihani mingi ni ya kusema kwa mdomo. Juu ya meza kuna vikaratasi vimegeuzwa. Mwanafunzi anavuta kimoja, anasoma maswali, anajitayarisha dakika chache, anajibu mbele ya mwalimu. Hapo hakuna kunakili kwa jirani. Mwenye kusoma usiku mmoja tu kabla ya mtihani atatafuta mahali pa kuficha uso.

6. KANISA NA SIKUKUU

Mwaka 988 mfalme Vladimir wa Kiev (mji ambao leo ni mji mkuu wa Ukraine) alikubali ubatizo, na tangu pale kanisa la Waorthodoksi ndilo kubwa kwao. Watu wanasali wamesimama, wanawake wanafunika kichwa, na kwaya inaimba bila chombo cha muziki, sauti za watu tu. Noeli wanaifanya tarehe 7 Januari, kwa sababu kanisa lao linafuata kalenda ya zamani. Wabatisti nao wako: ubatizo wao wa kwanza unaokumbukwa ulifanyika katika mwaka 1867, ndani ya mto Kura mjini Tiflis, katika inchi ya Georgia ya leo.

Wakati wa serikali ya Wasovieti, mpaka 1991, makanisa mengi yalifungwa na waumini waliteswa. Watu wakahamisha furaha ya Noeli kwenye Mwaka Mpya: mti wenye taa, zawadi, na mzee wa ndevu nyeupe anayeitwa Ded Moroz, maana yake Babu Baridi. Mpaka leo usiku ule ndio sikukuu kubwa ya jamaa.

Siku nyingine kubwa ni tarehe 9 Mei, ukumbusho wa mwisho wa vita na Ujerumani katika mwaka 1945. Watu karibu milioni 27 wa Umoja wa Kisovieti walikufa katika vita ile. Ni nyumba chache zisizo na picha ya babu aliyeuawa. Mgeni asifanye mzaha na siku hiyo.

7. MAMBO YA KUANGALIA SANA

Tungekuwa waongo kama tungeishia kwenye chai na maua. Mtu mweusi anaweza kutukanwa njiani kule, hata kupigwa. Si jambo jipya: katika Desemba 1963 wanafunzi Waafrika mia kadhaa waliandamana katikati ya Moscow baada ya kifo cha mwenzao wa Ghana. Wako Warusi wengi wema, na wako wabaya. Mwanafunzi asitembee peke yake usiku.

Tena, tangu Februari 2022 Urusi inapigana na Ukraine. Vita inatafuta watu. Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilitangaza kifo cha kijana wake aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa gerezani, kisha akaahidiwa uhuru kama angepigana. Hakurudi mzima. Mwaka 2024 waandishi wa habari walieleza juu ya wasichana wa Afrika wa miaka 18 mpaka 22 walioitwa Alabuga, katika jimbo la Tatarstan. Waliahidiwa kazi na mafunzo, wengi wao wakajikuta katika kiwanda wakiunganisha ndege za vita zisizo na rubani.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akileta habari njema kwa simu, mumuulize hivi: Chuo gani? Masomo gani? Nani analipa tiketi, na kwa nini? Ubalozi unajua? Karatasi iliyoandikwa kwa Kirusi, musiitie sahihi bila kutafsiriwa na mtu asiye wa upande wao. Pasipoti yako usimwachie mtu aifiche. Na kabla ya yote, waelezeni wazazi na walimu. Habari inayokatazwa kuambiwa wazazi si habari njema.

Bursi ya kweli iko, na wako madaktari na wainjinia wa Kongo waliosoma Urusi wakarudi kutumika. Atakayefaulu ni yule anayejua anakwenda kwa nani: ataheshimu jina la baba la mwalimu wake, atavua viatu mlangoni, hataogopa uso mkavu, wala hataamini kila mdomo unaocheka.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Jina lako lingekuwa namna gani kama ungefuata utaratibu wa Warusi? Andika jina lako na la baba yako.

2. Eleza sababu ya mambo haya matatu: kuvua viatu mlangoni, kuwa na dacha, kutocheka njiani.

3. Tafuta desturi mbili za kwetu ambazo mgeni Mrusi angezishangaa. Ungemweleza namna gani sababu zake?

4. Mtu anakuletea habari ya kazi Urusi, na anasema usimwambie baba. Utamjibu nini?