Dondoo Muhimu: Zuia Dumuzi Ghalani

Dumuzi, mdudu anayeharibu mahindi ghalani na ambaye wengi humwita skania, asili yake ni Amerika ya Kati. Aligunduliwa Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea nchini na kwingineko Afrika, mara nyingi akisafiri na mahindi. Makambako, mkoani Njombe, ni njia panda ya barabara na reli ya TAZARA, hivyo maghala ya mjini na ya kijijini yote yalindwe.

• Kausha vizuri. Baridi ya Njombe huchelewesha ukaukaji. Tikisa mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu. Chumvi ikinata, anika tena.
• Pukuchua mapema. Dumuzi hushambulia zaidi magunzi yenye punje.
• Safisha ghala. Choma mabaki, kagua mbao. Dumuzi hujificha humo pia. Usichanganye mahindi mapya na ya zamani.
• Tumia mifuko isiyopitisha hewa. Kamua hewa, funga kila tabaka la mfuko peke yake, panga juu ya chaga.
• Ukitumia dawa, chagua iliyosajiliwa kwa ajili ya dumuzi na ufuate kipimo cha kwenye lebo.
• Kagua mara kwa mara. Ukiona vumbi la unga au matundu kwenye punje, mwone afisa ugani mara moja.