MBABULA YAKO, MAMA

Mbabula inapika chakula chetu kila siku. Lakini inaweza kuua watu wa nyumba nzima katika usiku mmoja. Basi tujifunze.

1. Pikia inje ao mahali penye hewa nyingi. Hata kama baridi ni kali, usilale na mbabula ndani ya nyumba. Makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa hewa mbaya, monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Inaingia ndani ya damu na kukamata nafasi ya hewa safi. Alama zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kisha mtu analala, haamuki tena. Mtoto aliye tumboni anaumia sana. Ukiona alama hizi, wote watoke inje mara moja, na mwende hospitali.

2. Kila asubuhi ondoa majivu ya jana ili hewa ipite. Mguu ukivunjika, peleka kwa fundi. Mbabula inayoyumba itamwangia mtoto maji ya moto.

3. Majivu yanaficha moto mpaka kesho yake. Yamwange ndani ya shimo, yatie maji. Usiyatupe njiani, watoto wanapita bila viatu.

4. Mtoto akiungua, mwangia pale maji safi ya baridi dakika 20. Usipake mafuta, yai wala dawa ya meno. Kisha umlete kwetu.

Mama, jirani yako hakufika kliniki leo. Umwambie habari hii mbele ya usiku.