Je, Kujihadhari na Mafuriko ni Upungufu wa Imani?

Katika madarasa ya ndugu zetu wapya wa Kinondoni na Temeke swali hili huulizwa karibu kila masika: ikiwa Mwenyezi Mungu amekwisha kuandika ajali ya kila mtu, yamfaa nini Mwislamu kufuata miongozo ya Serikali ya kujiandaa kwa maafa? Wako hata wadaio kwamba anayehama bondeni kwa sababu ya tangazo la redio hana tawakali.

Swali hili lina uhai wa watu ndani yake. Mwezi wa Desemba 2011, mvua za siku chache ziliufurisha Mto Msimbazi na vijito vya Dar es Salaam, na watu zaidi ya 40 wakafa. Baadhi ya familia zilipewa viwanja Mabwepande. Lakini maji yalipokauka, wako waliorudi bondeni.

Sasa tuitazame Kurani Tukufu. Hadhrat Nuhu a.s. aliahidiwa wokovu na Mungu Mwenyewe, na juu ya hayo aliamriwa kuunda jahazi (11:38). Hadhrat Yusufu a.s. naye, alipofahamishwa habari ya miaka saba ya njaa, aliagiza nafaka iachwe katika masuke yake (12:48). Angalia vema: agizo hilo ni elimu ya ghala, na lilitekelezwa na serikali isiyokuwa ya dini yake. Basi asemaye kwamba utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ni mambo ya kidunia yasiyomhusu mwenye imani, na ajibu kwanza juu ya masuke hayo.

Tunao pia mfano wa karibu zaidi. Tetemeko kubwa la Kangra lilipotokea tarehe 4 Aprili 1905, Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alitoka nyumbani kwake Qadian pamoja na jamaa zake, akakaa katika mahema bustanini. Yeye ndiye aliyekuwa ametangaza bishara za matetemeko! Nani atathubutu kusema kwamba tawakali yake ilikuwa pungufu kuliko ya mtu wa bondeni aliyekataa kuhama?

Tukija kwenye miongozo yenyewe, si mizito. Mamlaka hutoa onyo kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Vyeti vifungwe katika mfuko wa nailoni na kuwekwa juu. Maji yakikaribia, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, maadamu pale unaposimama ni pakavu. Mtu asivuke maji yaendayo kasi hata yakiwa ya magotini, maana hayo humwangusha mtu mzima. Baada ya mafuriko maji ya kunywa yachemshwe, kwani kipindupindu hupenda kufuata. Namba ya Zimamoto, 114, ijulikane hata na watoto. Na mfereji wa mtaa usafishwe kabla ya masika. Sijui ni dua gani ya kuepushwa na mafuriko aombayo yule aliyetoka sasa hivi kumwaga taka mferejini.

Lililo gumu ni hali ya mpangaji maskini, ambaye huhimizwa ahame naye hana kodi ya mahali pengine. Huyu tusimhubirie tawakali wala tahadhari. Ndugu aliye mwinukoni amwambie mapema, kabla ya mawingu, kwamba chumba fulani ni chake siku ya onyo, yeye na watoto wake. Na ikiwa jirani huyo si Mwislamu, haki yake ya ujirani ni ile ile.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba siku moja ya Ijumaa yenye mvua Hadhrat Ibn Abbas r.a. alimwamuru mwadhini, badala ya kuwaita watu waje kwenye Sala, awatangazie wasali majumbani mwao. Watu wakaona ni jambo geni. Akawajibu kwamba aliye bora kuliko yeye alikwisha kulifanya, yaani Mtume Mtukufu s.a.w., na kwamba yeye hakupenda kuwatoa watembee katika matope na utelezi.